Kangaga la pembe linakauka ncha wakati wa joto kali: niongeze maji au nibadilishe kitu kingine?

Kivuli_cha_Asubuhi

Ndugu wapenda mimea, salaam kwenu.

Nina kangaga la pembe, aina ya Platycerium bifurcatum, nililolifunga kwenye ubao miaka miwili iliyopita na kulitundika kwenye ukuta wa saruji wa baraza. Katika miezi ya mvua lilistawi bila ya mimi kujishughulisha sana, hata majani yake ya pembe yakafikia urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Tangu kiangazi kianze, hali imegeuka. Mchana joto hufika nyuzi 38 na mara nyingine 40, upepo ni mkavu kiasi kwamba nguo ya kwanza kuanikwa hukauka kabla ya ile ya mwisho kufika kwenye kamba, na kangaga limeanza kusinyaa. Ncha za majani zimekuwa za kahawia na huvunjika kama karatasi kuukuu, na majani yenyewe, ambayo zamani yalisimama wima, sasa yananing'inia kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

Naomba nieleze nilichokwisha kufanya, ili msinishauri yale yale. Kwanza, ninalinyunyizia maji kwa chupa mara nne au tano kwa siku. Pili, majani yalikuwa na vumbi jeupe ambalo halikutoka kwa kupulizwa, nikalipangusa kwa kitambaa kibichi hadi majani yakawa ya kijani yenye kung'aa. Tatu, nyuma ya mmea palikuwa na jani kubwa la mviringo, lililolala juu ya ubao, ambalo lilikuwa limekauka kabisa. Kwa kuwa sikuona sababu ya mmea kubeba jani lililokufa, nililibandua. Lilitoka kwa shida, likang'oka pamoja na nyuzi nyingi nyeusi zilizofanana na manyoya, na nyuma yake nilikuta majani yaliyooza na unyevu kidogo. Nne, niliongeza mbolea ya maji ili kulipa nguvu.

Baada ya hayo yote linazidi kudhoofika. Je, niongeze maji? Je, niliingize ndani ya nyumba hadi kiangazi kipite? Au niseme tu kwamba mmea huu si wa mahali penye joto na ukavu, nikubali yaishe?

Mlezi_wa_Makangaga

Ndugu Kivuli, pole sana, na asante kwa kueleza hatua kwa hatua, kwa sababu jibu limo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Umelivua kangaga lako nguo mbili, tena katika majira ambayo lilizihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Nguo ya kwanza ni lile jani la mviringo. Makangaga ya jamii ya Platycerium huota majani ya aina mbili. Yapo majani ya pembe, yale marefu yanayogawanyika, ambayo ndiyo yanayobeba unga wa uzazi upande wa chini wa ncha zake; na yapo majani ya ngao, ambayo hayana unga huo, bali hulala juu ya kile ambacho mmea umekishikilia, kiwe ni gome, jiwe au ubao. Jani la ngao huchipua likiwa kijani na laini, hutanuka hadi likaukumbatia ubao, kisha baada ya miezi kadhaa hugeuka kahawia, na hapo ndipo wengi hudhani limekwisha. Ni kweli kwamba halina uhai tena, lakini kazi yake ndiyo kwanza imeanza. Linakaa pale pale, ngao mpya inaota juu yake, kisha nyingine juu ya hiyo, hadi mmea unapata kitu kama godoro la tabaka nyingi linalonyonya maji na kuyatoa kidogo kidogo. Majani makavu yanayoanguka kutoka juu hunaswa humo, huoza na kuwa mbolea. Zile nyuzi nyeusi ulizoziona ziking'oka ndizo mizizi. Kwa hiyo ulichobandua kilikuwa mtungi wa maji, ghala la chakula na blanketi la mizizi, vyote kwa pamoja.

Ngao hizi zina heshima kubwa kuliko tunavyozipa. Katika kisiwa cha Lord Howe, mashariki mwa Australia, watafiti walichunguza makundi ya aina hii hii ya kangaga lako, na mwaka 2021 wakachapisha hoja kwamba mimea iliyoota pamoja hugawana kazi: mingine hujishughulisha na uzazi, na mingine huota ngao zaidi na kukusanya maji ambayo huwafaa majirani kupitia mizizi iliyosukana, kwa namna inayokumbusha nyuki ndani ya mzinga. Wapo wanaoona mfano huo wa nyuki umevutwa mno, nami sitauingilia mjadala huo hapa. La kushika ni kwamba ngao ina kazi, iwe kijani au kahawia, na haibanduliwi.

Nguo ya pili ni lile "vumbi". Halikuwa vumbi. Ukichukua kioo cha kukuzia na kulitazama jani ambalo hukulipangusa, utaona vinywele vidogo vyenye umbo la nyota, vimesongamana kama manyoya ya sufi. Vinywele hivyo hurudisha sehemu ya mwanga na hutuliza hewa juu ya ngozi ya jani ili maji yasipotee haraka. Jani lililopanguswa halioti vingine. Litabaki uchi hadi siku litakapokauka na nafasi yake kuchukuliwa na jipya. Ndiyo maana majani yako yaling'aa, na ndiyo maana sasa yananing'inia.

Tuje kwenye chupa ya kunyunyizia, ambayo naona unaitegemea sana. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 hushiba mvuke ikifikia gramu 23 hivi. Hewa yenye nyuzi 40 hushiba ikifikia gramu 51 hivi. Ikiwa hewa ya barazani kwako mchana ina asilimia 20 tu ya mvuke ambao ingeweza kubeba, basi kila mita ya ujazo bado ina nafasi ya zaidi ya gramu 40, nayo huijaza nafasi hiyo kutoka popote penye unyevu, yakiwemo majani. Mnyunyizo wa chupa yako ni mate juu ya jiwe la moto: ndani ya dakika chache umekwisha, na mizizi haikupata hata tone. Mmea huu huvumilia joto kuliko watu wanavyodhani, mradi uwe kivulini na mizizi yake iwe na akiba. Kinachouangamiza ni kukauka kwa kasi kuliko uwezo wa mizizi kurudisha kilichopotea.

Sasa la kufanya. Usilitoe kwenye ubao, kwa maana mizizi iliyobaki ni michache na kila uzi ni wa thamani. Chukua kuvumwani kavu (mimea midogo laini inayonyonya maji kama sifongo) aina ya sfagnamu, iloweke hadi ilainike, ikamue, kisha ijaze pale palipobaki wazi kwa unene wa sentimita 5 au zaidi, ukiishindilia kwa vidole lakini si kwa nguvu za ngumi. Ukikosa sfagnamu, nyuzi za makumbi ya nazi zilizooshwa mara kadhaa hadi maji yatoke meupe zinafaa, ingawa hukauka mapema zaidi. Ifunge kwa mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ukizungusha juu ya kuvumwani na nyuma ya ubao, bila kupitisha hata uzi mmoja juu ya kitovu cha mmea, yaani pale katikati ambapo majani yote huanzia. Kitovu kikibanwa au kikifukiwa, mmea huoza. Usitumie waya wa shaba, kwa kuwa shaba ni sumu kwa makangaga.

Baada ya hapo, maji yawe ya kuzamisha. Jaza beseni, lilaze kangaga na ubao wake humo kwa dakika 15 hadi 20, mpaka mapovu yakome, kisha litundike lichuruzike. Lini urudie, uulize mkono wako: lipime uzito likiwa limetoka majini, uupime tena kila asubuhi, na ulirudishe majini linapokuwa jepesi lakini kabla kuvumwani haijakauka kabisa. Katika hewa unayoieleza, nadhani itakuwa kila baada ya siku mbili au tatu. Mizani ya nyumbani ni bora zaidi kuliko mkono kwa mwezi wa kwanza, kwa sababu mkono huhitaji kufundishwa.

Na mbolea, tafadhali simamisha. Mmea ulio na mizizi michache katika joto kali haukui, na chumvi za mbolea zitabaki zikiunguza kile kidogo kilichobaki. Utaanza tena jani jipya likitokea, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi.

Jiwe_na_Mizizi

Nakubaliana na ndugu Mlezi karibu katika kila jambo, isipokuwa ubao. Mahali penye ukavu wa namna hiyo mimi nimeacha mbao kabisa. Ubao hukausha mmea kwa pande zote, na kiasi cha kuvumwani kinachoweza kukaa juu yake ni kidogo. Kikapu cha waya chenye kipenyo cha sentimita 30, kilichojazwa kuvumwani na magome ya miti yaliyokatwakatwa, huhifadhi maji kwa muda mrefu zaidi, na kangaga hupandwa ubavuni, kitovu kikitazama nje. Baada ya miaka kadhaa watoto wake huota kuzunguka kikapu chote na waya hauonekani tena. Hatari yake ni kuoza, kwa hiyo hewa ipite. Ukiona majani ya pembe yameanza kuwa meusi na laini kwenye shina lake, huo ni wingi wa maji, na si sawa na ncha za kahawia zilizokauka, ambazo ni uchache wake. Watu huchanganya dalili hizo mbili, wanaongeza maji kwenye mmea unaooza.

Hata hivyo, usihamishe sasa. Kuhamisha na kutenganisha watoto ni kazi ya majira ya baridi kidogo au mwanzo wa mvua.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama mmea huu ni wa mahali penye joto na ukavu: inategemea ni yupi katika jamii yake. Jamii hii ina aina zipatazo 18. Platycerium veitchii hutoka Queensland, ambako huota juu ya miamba katika maeneo yenye ukame, na majani yake yamefunikwa vinywele vyeupe kiasi cha kuonekana ya fedha. Huyo hustahimili jua na kiu kuliko bifurcatum wako. Platycerium elephantotis, wa Afrika, ambaye majani yake hayagawanyiki bali ni mapana kama masikio ya tembo, ana desturi ya kunyauka na kupumzika wakati wa kiangazi, naye humwagiliwa kidogo tu mpaka aamke. Kwa upande mwingine, Platycerium ridleyi wa misitu ya mvua ya Asia ya Kusini-Mashariki simshauri mtu yeyote wa nchi kavu amjaribu, labda awe na nyumba ya kioo na muda wa kupoteza. Bifurcatum yuko katikati, na ni mvumilivu. Ukimpa ngao zake atakusamehe.

Tone_la_Mvua

Ningependa kuongeza mambo ambayo wenzangu wameyapita haraka.

La kwanza ni ukuta. Umesema kangaga limetundikwa kwenye ukuta wa saruji, lakini hukusema ukuta huo unatazama wapi. Kama unapigwa na jua la alasiri, basi mmea wako uko kwenye kikaango hata kama wenyewe uko kivulini, kwa sababu saruji hunywa joto mchana kutwa na kulitoa usiku, saa ambazo mmea ungepumzika. Weka kiganja ukutani saa mbili baada ya jua kuzama. Ikiwa bado kuna uvuguvugu, hamisha. Mahali pazuri ni upande wa mashariki, panapopata jua la asubuhi kwa saa moja au mbili, au chini ya mti wenye majani mengi, kwa kuwa mti nao hutoa mvuke na hewa ya chini yake huwa na nafuu. Pasipo mti, wavu wa kivuli unaozuia asilimia 60 au 70 ya mwanga unatosha, na upande unaotoka upepo uzibwe kwa mimea mingine mirefu, si kwa karatasi ya nailoni, ambayo huzuia hewa yote.

Kuliingiza ndani sikushauri, hasa kama ndani kuna kiyoyozi. Kiyoyozi hupoza hewa, lakini pia huondoa unyevu wake, na wengi huona majani yakikauka ndani wakashangaa kwa sababu wao wenyewe wanaona baridi.

La pili ni mpira wa kumwagilia. Maji yaliyolala ndani ya mpira uliolazwa juani hutoka yakiwa ya moto kiasi cha kuunguza ngozi, na nimewahi kuua mche mzima wa kangaga kwa namna hiyo, nikijivunia kwamba ninauokoa. Acha maji ya mwanzo yamwagike hadi uhisi baridi mkononi, ndipo ujaze beseni. Zamisha alfajiri au jioni.

La tatu ni chumvi. Sehemu nyingi zenye ukavu hutumia maji ya kisima, na maji hayo mara nyingi ni mazito kwa chokaa na chumvi. Kwa kuwa kila unapomwagilia maji huruka na chumvi hubaki, kuvumwani hujaa ukoko mweupe pembezoni na ncha za majani huungua, mtu akadhani ni kiu. Namna ya kutofautisha ni kulibana jani kwa vidole: jani lenye kiu limelegea lote, ilhali jani lililounguzwa na chumvi huwa gumu na lenye afya hadi karibu na ncha, kisha ghafla ni kahawia. Kwa maelezo yako, lako lina kiu, ila mbolea ya ziada huenda imechangia. Kinga maji ya mvua kila yanaponyesha na uyatunze kwenye pipa lenye kifuniko, na angalau mara moja kwa mwezi pitisha maji hayo mengi juu ya ubao wote ili yasombe chumvi. Maji ya kisima yaliyolainishwa kwa mashine inayotumia chumvi ya kawaida yasiguse mmea huu.

Mwisho, chunguza nyuma ya majani. Hewa kavu na joto huwaita utitiri na wadudu gamba, na mmea dhaifu ndio wanaoupenda. Ukiwaona ni wachache, waondoe mmoja mmoja kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa katika spiriti, ukigusa mdudu pekee. Dawa za mafuta usitumie, kwa maana hulaza vile vinywele ulivyoelezwa na kuziba pumzi ya jani.

Kivuli_cha_Asubuhi

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki sita, na nadhani ni haki kuwaeleza kilichotokea.

Nilijaza sfagnamu kama nilivyoelekezwa na kufunga kwa mshipi. Ubao ulipotoka majini ulikuwa na kilo 3.4. Baada ya saa 24, ukiwa bado kwenye ukuta wa saruji, ulikuwa kilo 2.6, na baada ya saa 48 kilo 2.1, ulipofikia kilo 1.9 nikaona majani yanalegea. Usiku ule niliweka kiganja ukutani kama nilivyoshauriwa, na kwa kweli ulikuwa na joto la mkate uliotoka tanurini muda mfupi uliopita. Nikaliondoa na kulitundika upande wa mashariki wa mti, kwenye tawi la chini. Huko, baada ya saa 48 lilibaki na kilo 2.5, ingawa joto la mchana lilikuwa lile lile. Sikuwa nimefikiri kwamba mahali peke yake pangeleta tofauti ya gramu 400 za maji.

Majani niliyoyapangusa mengi yamekauka, na matatu tu ndiyo yamebaki. Lakini juzi, kwenye kitovu, nimeona kitu cha kijani, cha mviringo, kikubwa kama sarafu, kimebanana na ubao. Nilikigusa kwa kidole ili nihakikishe, na leo mahali nilipogusa pana alama ya kahawia inayofanana kabisa na kidole changu. Je, nimeliua tena?

Mlezi_wa_Makangaga

Hujaliua, ndugu Kivuli. Hiyo ni ngao mpya, nayo ikiwa changa ni laini kiasi kwamba kila mguso huacha kovu. Alama hiyo itabaki mpaka ngao yote igeuke kahawia, na hapo haitaonekana tena. Kuanzia sasa, unapolizamisha, shika ubao kwa kingo zake na ulilaze kwa mgongo, ili maji yaingie kutoka nyuma na ngao isisuguane na beseni. Ngao hiyo itakapofikia upana wa kiganja na jani la kwanza la pembe kuanza kutokeza, unaweza kurudisha mbolea kwa nusu ya kipimo. Ule mshipi usiukate hata ukiona umelegea. Ngao itaupita juu na kuufunika yenyewe.